Mwanangu, kuhusu huyo mwongozaji wa mtoni

Mwanangu,

Meseji yako ya juzi nimeisoma mara mbili. Unauliza kama umlipe mtu akupeleke porini Yellowstone, ile hifadhi ya taifa ya Marekani, ukavue trauti wa asili, samaki wa mito ya baridi, kwa nzi wa bandia, yaani ndoana iliyovishwa manyoya ifanane na mdudu, au ubebe begi lako na ramani ya kwenye simu uende mwenyewe, maana bei ya mwongozaji imekushtua. Lipa. Safari ya kwanza lipa, ya pili tutaongea. (Naandika mwongozaji makusudi, siku moja nilimwambia mama yako nimeshinda porini na gaidi, yaani "guide", Kizungu changu hicho, nusura azimie.)

Ila sio yeyote tu. Miaka ile nasoma Montana, jimbo la jirani na hifadhi, nilimlipa mmoja ambaye sikumuuliza kitu na yeye hakuniuliza kitu, hakujua kama nimewahi kushika fimbo ya kuvulia, hakujua magoti yangu yakoje, tukapanda mlima masaa matatu hewa nyepesi mi nahema tu, kufika mtoni nimebaki na nguvu ya kukaa juu ya jiwe, yeye ndo akavua. Samaki wazuri kweli kweli. Niliwaangalia.

Kwa hiyo ukimpigia, sikiliza anakuuliza nini. Anayejua kazi atataka kujua unatembea umbali gani na mzigo mgongoni, kurusha mshipi umefikia wapi, na unataka samaki wengi au unataka kumwona yule wa asili hata akiwa mmoja. Akianza na picha za masamaki makubwa halafu namba ya akaunti, achana naye. Na muulize vibali, usione haya: kuongoza wavuvi kwa hela ndani ya hifadhi lazima awe na kibali cha hifadhi, kwenye misitu ya taifa ni kibali cha idara ya misitu, na Montana wana leseni yao ya waongozaji. Aliyenavyo hakasiriki ukimuuliza. Na wewe pia ukate kibali cha uvuvi cha hifadhi, leseni ya jimbo haifanyi kazi mle ndani.

Huyo unayemfuata wanamwita katithroti, yaani koo lililokatwa, ana mistari miwili myekundu chini ya taya utadhani kaponea chupuchupu kuchinjwa. Shida zake zimeletwa na watu. Walimwagia trauti upindemvua, aina ya kigeni, kwenye mito yake, samaki hao wakaanza kuzaliana naye, sasa unapata chotara. Halafu mwaka 1994 akagundulika trauti wa ziwani ndani ya Ziwa Yellowstone, huyo anamla katithroti, na vile anaishi kwenye kina na kuzaa humohumo ziwani, dubu na ndege waliozoea kumvizia katithroti akipanda vijito kutaga hawampati huyu wa ziwani. Ndo maana kule wa asili unamrudisha majini, ila ukinasa upindemvua Slough Creek, kijito cha mlemle hifadhini, sheria inasema muue. Sasa wewe peke yako, maji hadi mapajani, utamtambua chotara?

Wa pili niliyemlipa alikuwa mzee mmoja mkimya. Mimi kila katithroti akija juu nainua fimbo haraka, nzi anachomoka mdomoni. Huyu samaki hana haraka, anapanda polepole kama anaonja chai. Mzee akaniambia, akifunga mdomo sema kimoyomoyo "haya twende", ndo uinue. Yule wa kwanza kunasa, mzee alilowesha mikono kabla ya kumgusa, akamwacha ndani ya wavu wavu ukiwa majini, akazungusha ndoana kidogo, haina kile kijino cha nyuma, ikatoka, na samaki akaelekezwa kichwa kwenye mkondo mpaka akajiondokea mwenyewe. Picha sikupiga, sikuthubutu kumuomba.

Na alikuwa na kipimajoto kwenye kamba. Mchana wa Agosti akakichovya, akaangalia, akaanza kukunja mshipi, saa nane tu na mimi nimelipa siku nzima! Maji yakikaribia nyuzi 20 oksijeni inapungua, samaki ukimchosha anaweza kufa hata ukimwachia. Nilinuna njia nzima, na sasa hivi nakwambia mtafute mtu wa hivyo, muulize kwenye simu maji yakipata joto anafanyaje.

Vitu vidogo: usinunue buti zenye soli ya feliti, kile kitambaa kizito cha manyoya yaliyoshindiliwa, Yellowstone wamezipiga marufuku, na vyuma vya risasi vya kuzamishia mshipi pia hapana. Spreyi ya kufukuzia dubu ikae kiunoni, sio ndani ya begi. Bakshishi kule wanategemea asilimia 15 hadi 20, iweke pembeni mapema.

Ukishampata nitumie maswali aliyokuuliza, picha zake sizihitaji.

Baba yako