Puto limegoma kufunguka kwenye mshipa wa moyo wa baba

SWALI: Shikamoo dokta. Baba ana miaka 71 na kisukari cha siku nyingi, juzi wameingiza mpira kupitia mkononi hadi kwenye mishipa ya moyo, puto la kupanua mshipa likagoma kufunguka, wakatoka bila kuweka stenti (kile kibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa ubaki wazi), eti kalsiamu kwenye mshipa imekuwa ngumu kama jiwe. Ndugu wanasema dokta kashindwa kazi, na shangazi kampiga marufuku maziwa na dagaa. Tufanyeje?
Binti, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na kuuguza. Huyo dokta msimlaumu, kwa nilivyokuelewa kafanya la maana sana, maana stenti ukiilazimisha kwenye mshipa mgumu haifunguki yote, inabaki imebanwa, damu inaganda humo au mshipa unaziba upya, na ikishakaa haichomoleki.

Kalsiamu inavunjwa kwanza ndo stenti ifuate. Kuna kidrili kidogo chenye chembe za almasi, kinaitwa rotableta, kinazunguka kama mara 140,000 hadi 180,000 kwa dakika na kusaga ile kalsiamu iwe unga laini kuliko hata seli za damu, hicho kinafaa zaidi pale ambapo hata puto halipenyi. Kama puto linapenya ila halifunguki, kuna puto la mawimbi ya mshtuko, teknolojia ileile ya kuvunja mawe ya figo, Marekani waliliruhusu kwa mishipa ya moyo mwaka 2021, na uzuri wake linapasua hata kalsiamu iliyojificha ndani ya ukuta wa mshipa. Vyote viwili ni ghali na si kila hospitali inavyo, kwa hiyo ulizeni mapema rufaa na bima.

Muulizeni pia dokta ni mishipa mingapi imeziba, maana mwenye kisukari ikiwa mingi mara nyingi upasuaji wa bypass, yaani kupandikiza mshipa mwingine ili damu ipite pembeni ya palipoziba, ndo unamfaa zaidi. Na figo zipimwe kabla, ile dawa ya rangi wanayochoma ili mishipa ionekane kwenye picha inaweza kuzisumbua.

Shangazi mwambieni kwa heshima, kalsiamu hiyo haitoki kwenye maziwa wala dagaa, inatokana na mafuta yaliyoganda kwenye mshipa miaka na miaka, kisukari, presha, sigara na umri vikichochea. Dawa baba asiache hata moja bila dokta kusema, na kifua kikimbana akiwa amepumzika tu msisubiri asubuhi, mpelekeni hospitali hapohapo.