Kumtafuta babu aliyepelekwa Ujerumani: anzieni nyumbani

Pole sana, ndugu. Umesema babu wa ukoo wenu alinyongwa na Wajerumani Old Moshi, Machi 1900, pamoja na Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, na wazee wanasimulia kwamba kichwa kilipelekwa Berlin. Unauliza muanzie wapi.

Anzeni na wazee, leo leo. Sisi, tunaomtafuta babu yetu pia, tulikimbilia kuandika barua Ulaya. Bibi aliyejua majina yote ya ukoo akafariki kabla hatujamrekodi. Andikeni majina ya utani pia, maana ndiyo mara nyingi yaliyobaki. Fuvu moja lililotambuliwa Berlin mwaka 2023 lilikuwa limeandikwa "Akida", na DNA ikathibitisha ndugu zake wako Kilimanjaro.

Kisha waandikieni Stiftung Preussischer Kulturbesitz, taasisi ya makumbusho ya Berlin inayotunza mafuvu hayo. Waliyoyachunguza na kuyahusisha na Tanzania ni 202. Nakala ipelekeni Makumbusho ya Taifa, Dar. Nyaraka za Wajerumani zipo Idara ya Nyaraka za Taifa pia, ila mwandiko ule wa zamani hata Mjerumani wa leo unamshinda, kwa hiyo tafuteni msomaji aliyesomea.

Mate ya DNA msitoe bila karatasi inayosema yatatumika kwa nini na nani atayatunza. Mwonyesheni mwanasheria kwanza. Anayedai "hela ya kufuatilia", mkimbieni.

Na kaeni kikao mapema: atazikwa kihambani (shamba la ukoo) kwa nani? Kwetu hilo ndilo lililogombanisha watu, Wajerumani hata hawajajibu.