Ukianza Kazi ya Upishi, Anzia Miguuni

Wapishi wapya wakiniomba ushauri wa mavazi huanza na koti: jeupe au jeusi, jina lidariziwe upande gani. Mimi huwatazama miguu. Jikoni utasimama kutwa juu ya sakafu yenye maji, mafuta na maganda, mikononi una kitu cha moto. Koti baya litakukera tu, lakini kiatu kibaya kinaweza kukulaza kitandani.

Kiatu kizibe vidole na mgongo wote wa mguu, maana kisu kikianguka hakichagui pa kutua. Kiwe cha ngozi au mpira, na soli isiyoteleza. Hapo usitosheke na maneno ya muuzaji. Kigeuze uone mwenyewe. Tafuta vijifereji vidogo vingi vinavyotoa maji hadi pembeni. Soli yenye meno makubwa, kama ya buti la shambani, hunasa makombo na mafuta, na ikishajaa ni kama huna soli.

Raba za kitambaa nazikataa kabisa, hata kama ni nyepesi. Nilifanya kazi na kijana aliyezipenda, mpaka siku sufuria ya supu ilipopinduka. Kitambaa kiliinywa ile supu na kuishikilia juu ya ngozi yake, na kamba zilizolowa zikagoma kufunguka. Ilibidi tuzikate kwa mkasi. Mwenzake aliyemwagikiwa supu ileile alivaa viatu vya ngozi vya kutumbukiza. Alivirusha pembeni, akakimbilia bomba. Huyo kesho yake alikuwa kazini.

Tangu hapo kila vazi la jikoni nalipima kwa swali moja: nikimwagikiwa, litavulika upesi?

Kwa hiyo soksi ziwe za pamba au sufu, kwa kuwa nailoni huyeyuka na kuganda. Suruali iwe na nafasi, pindo lake lishuke juu ya kiatu ili kinachomwagika kipite nje. Ukiichomeka ndani ya kiatu umeyatengenezea mafuta ya moto njia, na ukiikunja kwa nje umeyawekea bakuli. Viatu vya kutumbukiza navyo visipwaye. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba, ukiwa na soksi zako za kazi. Ukiweza, kuwa na jozi mbili uzipokezane, kila moja ipate kukauka.

Sasa koti. Zile tabaka mbili zinazopishana kifuani si pambo. Zinakukinga na joto, na upande mmoja ukichafuka unafunga kwa upande wa pili na kutoka mbele ya wageni ukiwa msafi. Vifungo vya mafundo ya kitambaa havipasuki wala kuyeyuka. Mimi lakini napendelea vile vya kubana, vinavyoachia kwa mvuto mmoja, ingawa wakongwe wa kazi huniona sina adabu. Soma lebo pia: pamba iliyochanganywa na poliesta haikunjamani na hukauka haraka, lakini poliesta ikipata joto kali huyeyuka na kushika ngozi. Anayeshinda mbele ya moto achague pamba tupu. Mikono iwe mirefu, hata kukiwa na joto. Kuhusu rangi, anayetajwa sana kwa weupe ni mpishi Marie-Antoine Carême wa Ufaransa, karne ya 19, na faida ya weupe iko wazi: uchafu hauna pa kujificha. Kama jiko lako linaruhusu nyeusi, vaa, ila usiitumie kuahirisha kufua.

Aproni ishuke chini ya magoti, na fundo lake lifungwe mbele, si mgongoni. Usiifanye taulo. Kitambaa cha kushikia sufuria kiwe kikavu, kwa sababu kilicholowa hupitisha joto mara moja hadi kiganjani. Kofia yoyote inayozuia nywele na jasho inatosha. Ile ndefu ya mikunjo ni ya heshima zaidi kuliko kazi.

Saa na pete viache nyumbani, kwani kidole kilichoungua huvimba. Na ukiungua, vua haraka nguo iliyolowa, kisha weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Kitambaa kilichokwisha kuganda kwenye ngozi usikivute. Endelea kukimwagia maji hivyo hivyo, kisha umwachie daktari akitoe.