Gari la Zamani Lililobaki Orijino: Liponye Kwanza, Ndipo Uamue

Ukipata gari la zamani ambalo halijawahi kukarabatiwa, lenye rangi yake ya kiwandani, viti vyake na injini yake ile ile, ushauri unakujia kutoka kila upande kabla hata hujalifikisha nyumbani. Mmoja anakwambia toa hiyo injini, weka ya kisasa. Mwingine anakwambia ukigusa hata skrubu moja umeharibu historia. Nimekuwa na magari ya aina hii kwa miaka mingi, nimewasindikiza wenzangu wengi kukagua ya kwao, na msimamo wangu ni huu: usiamue lolote mpaka gari liwe zima kama lilivyotoka kiwandani, na uwe umeliendesha katika hali hiyo mwaka mzima, jua na mvua.

Kwa nini? Kwa sababu mtu anayenunua gari lililolala miaka 15 hukutana na breki zinazovuta upande mmoja, taa hafifu, usukani unaocheza na injini inayokohoa mlimani. Anaamini hivyo ndivyo magari ya zamani yalivyo, na papo hapo anaanza kuulizia vifaa vya kulibadilisha. Lakini anachokiendesha siyo kazi ya wahandisi wa enzi zile. Ni uchakavu. Analilinganisha gari gonjwa na gari la kisasa analoliwaza kichwani, na katika ushindani huo gari gonjwa halina pa kupitia.

Umeme wa volti 6 unaonyesha jambo hili vizuri kuliko kitu kingine chochote. Volkswagen Beetle nyingi zilizotengenezwa kabla ya 1967 zinatumia volti 6, na mwenye nayo huambiwa mapema kabisa aihamishie kwenye volti 12: betri, dainamo, balbu zote, mota ya waipa, kila kitu. Mimi ninayo moja na bado ni ya volti 6. Nilipoipata taa zake zilikuwa za njano iliyofifia na stata ilizunguka kwa kujivuta. Nikapima volti kwenye betri, kisha nikapima kwenye balbu yenyewe taa zikiwa zinawaka. Zaidi ya volti moja ilikuwa inapotea njiani. Kwenye mfumo wa volti 6 hata nusu volti ni asilimia 8, na mwanga wa balbu hushuka haraka kuliko volti: ukipoteza asilimia 8 ya volti, karibu robo ya mwanga imekwenda nayo. Kwenye volti 12 upotevu huo huo usingekusumbua sana.

Basi nikaufuata waya. Ule wa athi, unaotoka kwenye betri na kufungwa kwenye bodi, ulikuwa umekaa juu ya kutu. Bolti imekaza vizuri, lakini chini yake hakuna chuma kinachogusa chuma. Kebo nene ya betri ilishabadilishwa na mtu fulani zamani, akaweka nyembamba ya magari ya volti 12. Hapo ndipo penye siri. Balbu ya wati 45 kwenye volti 6 inavuta ampea 7.5, yaani mara mbili ya ambazo ingevuta kwenye volti 12, kwa hiyo mfumo huu unadai nyaya nene na viungo safi. Nikasugua chuma mpaka kikang'aa, nikarudisha kebo ya unene unaotakiwa, nikaweka rilei mbili ndogo (swichi zinazoendeshwa na umeme) karibu na taa ili umeme usizunguke wote kupitia swichi ya dashibodi. Taa zikawa nyeupe na stata ikaamka. Kama ningekimbilia volti 12, ningetoa vifaa vyote vya kiwandani kwa ajili ya tatizo lililokuwa chini ya bolti moja.

Breki ni hivyo hivyo. Watu wanazilaumu breki za ngoma wakati mipira ya breki imevimba kwa ndani na kuzuia mafuta yasirudi, jambo linaloweza kulivuta gari upande mmoja. Mafuta ya breki yenyewe hunyonya unyevu hewani, na ndiyo maana hushauriwa yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Mengine ninayoyakuta kwenye magari haya yamekuwa meusi kama oili chafu. Weka mipira mipya, silinda safi, viatu vilivyokaa sawasawa ndani ya ngoma, urekebishe nafasi zake, halafu ndiyo utoe hukumu. Vivyo hivyo kwa bushi, shokapu na tairi. Tairi ya miaka 20 inaweza kuwa na kashata nzuri kabisa na bado mpira wake umekuwa mgumu usioshika barabara. Tangu mwaka 2000 tairi huandikwa tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo huna haja ya kubahatisha.

Gari likishapona, sehemu kubwa ya hamu ya kulibadilisha huisha yenyewe. Nimeliona hili kwa watu wengi, hata kwa waliokuwa wamekwisha kuagiza vifaa.

Sasa tuje kwenye yale yasiyorudi. Breki unaweza kuzirudisha. Kabureta unaweza kuirudisha. Rangi ya kiwandani ikishasuguliwa na kupuliziwa mpya, imekwenda, na hakuna fundi duniani, hata awe hodari namna gani, anayeweza kukurudishia ile iliyopakwa siku gari lilipozaliwa. Kitambaa cha viti ni hivyo, na pia bodi iliyokatwa ili injini pana ipate kuingia. Kwa hiyo kabla hujamruhusu mtu alete mashine ya kupulizia, lisome gari. Kipimo cha unene wa rangi ni kifaa kidogo kinachotosha mfukoni. Rangi ya kiwandani mara nyingi husoma chini ya mikroni 200 (milimita 0.2), iliyopakwa tena hupanda juu ya hapo, na ukiona zaidi ya 1000 ujue chini yake kuna puti. Fungua mlango, ng'oa taratibu ukingo wa mpira, utazame rangi iliyojificha pale. Inua zulia. Wakati mwingine utakuta alama ya chaki ya mkaguzi wa kiwandani au karatasi ya tarehe ya kubadilisha oili iliyobandikwa na gereji iliyofungwa zamani. Vitu hivi vinafutika kwa kitambaa kimoja chenye petroli, na vikifutika gari limepoteza ushahidi wake.

Rangi iliyopauka si rangi iliyokufa. Nyingi za zamani hazina tabaka la kloa, lile angavu la kulinda rangi, juu yake, kwa hiyo ukipolishi kitambaa kinashika rangi ya gari. Usishtuke, ila usiendelee kusugua kwa furaha, maana kila unachokiona kwenye kitambaa kimetoka kwenye gari. Osha, polishi laini mara moja, kisha nta, basi. Mkwaruzo wa mlangoni uache. Mimi naupenda, na sioni sababu ya kuuonea haya.

Wanaodhani kulitunza gari namna hii ni uvivu wa kulikarabati wasipitwe na habari hii: kwenye maonyesho ya Pebble Beach kule California, ambako kwa miaka mingi ushindi ulikwenda kwa magari yaliyokarabatiwa mpaka yaking'aa kupita siku yalipotengenezwa, tuzo kuu ya 2024 ilikwenda kwa Bugatti Type 59 ya 1934 ambayo haijakarabatiwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa gari la kundi la yaliyohifadhiwa kushinda tuzo hiyo. Na kuna jambo jingine ndani ya gari lile linalonigusa zaidi. Lilianza kama gari la mashindano, kiwanda chenyewe kikalibadilisha kuwa la barabarani, likaja kumilikiwa na Mfalme Leopold wa Tatu wa Ubelgiji. Maana yake lilishabadilishwa, na mabadiliko yale sasa ni sehemu ya thamani yake. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, linalifuata wazo hilo katika Mkataba wake wa Turin: marekebisho gari liliyoyapata wakati wa maisha yake ya kazi yanastahili kuheshimiwa kama historia. Kwa hiyo ukikuta rafu ya mizigo au taa za ziada zilizofungwa na mmiliki wa kwanza miaka ya 1960, usikimbilie kuzing'oa ili gari "liwe orijino". Ziache.

Pamoja na hayo yote, kuna mambo siyabishanii. Gari lenye breki za mkondo mmoja, ambapo bomba moja likivuja zote zinakwenda, linastahili silinda kuu ya mikondo miwili kama utalitumia barabarani. Marekani ililazimisha mfumo huo kwa magari mapya kuanzia 1968, na haikuwa bure. Mikanda ya pointi tatu, ile ambayo Volvo iliileta mwaka 1959, ifunge pia. Baadhi ya magari ya miaka ya 1960 tayari yana matundu yake yenye nyuzi za bolti, na kama hayapo, fundi aimarishe chuma kwa bamba kabla ya kufunga, siyo kutoboa tu na kuweka washa. Mipira ya petroli weka ile inayostahimili ethanoli, kwa sababu petroli nyingi za siku hizi zinayo na mpira wa zamani unalainika mpaka unavuja juu ya injini ya moto. Na kama injini ina silinda hedi ya chuma cha kusubu na imeshafunguliwa kwa kazi nyingine, weka viti vya valvu vilivyokomazwa. Petroli yenye risasi ilikuwa ikivilinda viti hivyo, na dunia nzima iliacha kuiuza kwa magari ya barabarani mwaka 2021. Hakuna atakayeiona kazi hiyo kwa nje.

Kutu nayo haina orijino. Ikiwa imekula sehemu zinazobeba gari, kata, chomelea chuma kipya, kisha paka nta ndani ya mapango ya bodi. Kuliacha gari lioze kwa jina la kulihifadhi ni kulitupa polepole.

Na yapo magari ninayowaambia watu wayabadilishe bila wasiwasi. Kuna jamaa yangu aliyenunua bodi isiyo na injini, ndani hamna kitu, rangi ya nne au ya tano juu yake, ya aina iliyotengenezwa kwa mamilioni. Aliniuliza kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa. Nikamwambia hakuna cha kuhifadhi hapo zaidi ya umbo lake. Funga injini unayoitaka, breki za diski mbele na nyuma, viti vya kukaa safari ndefu. Gari kama hilo ndilo la kutimizia ndoto hizo. Linalotia uchungu ni kuona ndoto hizo zikitimizwa juu ya gari lililobaki zima kwa miaka 60, wakati bodi tupu zipo zimejaa.

Ukiamua kubadilisha kitu kwenye gari ambalo bado ni orijino, chagua kinachofungwa kwenye matundu yaliyopo. Moduli ya kielektroniki inayochukua nafasi ya pointi za cheche inakaa chini ya kifuniko cha distribyuta na inatoka kwa skrubu mbili. Piga picha kabla ya kufungua. Kila ulichotoa kipake oili, kifunge, kiandikie jina na tarehe, na kikae pamoja na gari hata siku ukiliuza. Injini ya kwanza hasa, kwa sababu namba yake ndiyo inayolingana na kumbukumbu za kiwanda, na ikishapotea huwezi kununua nyingine yenye namba hiyo. Sheria za usajili na bima nazo zitazame mapema. Sehemu nyingine gari lililobadilishwa injini linapoteza hadhi ya gari la kale, na fafanuzi nyingi, ya FIVA ikiwemo, zinataka liwe na umri wa angalau miaka 30 na libaki katika hali iliyo sahihi kihistoria. Ulizia hilo kabla injini haijatoka mahali pake.