Mdudu wa majani hayupo Google, je ni spishi mpya? Jibu langu refu

Mkuu uliyeuliza kuhusu yule mdudu wa dhahabu wa kwenye matembele shambani kwenu Muheza, kwamba umemtafuta Google hayupo, alafu alivyofia kwenye kopo akageuka kahawia ukahisi ni mpya kabisa na unataka umpe jina la bibi yako humu humu. Mi nimezunguka na hawa mbawakawa wa majani misitu ya Amani misimu minne, nilianza kama kijana wa kubeba neti, na sa hivi kuna mmoja wa spishi mpya tunamwandikia maelezo ya kumpa jina rasmi, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia.

Tuanze na wa kwako. Ile dhahabu sio rangi iliyopakwa, ni mwanga unaocheza kwenye tabaka nyembamba za ganda lake ambazo zina majimaji, akifa akakauka majimaji yanaisha na dhahabu inaondoka nayo. Wenye umbo la kobe kwenye viazi vitamu huku kwetu wengi ni wa jenasi (kundi la spishi ndugu) inayoitwa Aspidimorpha na wanajulikana miaka mingi. Rudi uangalie chini ya majani, ukikuta mabuu yamebeba mavi yao na ngozi walizojivua kama mwavuli mgongoni basi ni ukoo huo huo.

Kutoonekana Google kusikudanganye. Familia yao, Chrysomelidae, ina spishi zaidi ya 35,000 ambazo tayari zina majina, na nyingi hazina hata picha moja mtandaoni, zipo tu kwenye droo za makumbusho na maelezo ya mistari michache ya Kilatini au Kijerumani. Hata yule mharibifu wa maharage wa Lushoto na Arusha, Ootheca bennigseni, jina alipewa na Mjerumani anaitwa Weise, na wa kwetu wengi sana waliokusanywa enzi za Wajerumani wako Berlin mpaka leo. Kwa hiyo kabla hujasema mpya lazima ujue wa zamani wote wa jenasi hiyo, hapo ndo kazi ilipo, sio kwenye kumkamata.

Huyo wetu tunayemwandika tulimpata kwa kung'uta matawi juu ya shuka nyeupe, kama mita 900 juu ya bahari, kwenye kichaka cha jamii ya mibuni kilichoota kivulini. Ana milimita nne hivi. Siku ile tulirudi na wa aina tatu, weusi tupu, weusi wenye bega jekundu, na wa kahawia, na mimi nikaandika daftarini spishi tatu nikalala nimefurahi. Tulipokuja kuwafungua chini ya maikroskopu weusi tupu na wenye bega jekundu wakawa kitu kimoja, rangi tu zinapishana, ila wale wa kahawia ambao kwa macho ni sare kama punje za mtama wakagawanyika mara mbili.

Tunawafunguaje? Unamloweka maji ya moto alainike, unamtoa kiungo cha uzazi cha dume kwa pini iliyokunjwa ncha, unakiweka kwenye dawa ya potasi inayeyusha nyama inabaki sehemu ngumu, alafu unakitazama kwenye gliserini kwa pembeni na kwa juu. Kwa wadudu hawa ndo kama alama ya kidole, sura za nje zinafanana ila ncha ya kile kiungo kila spishi ina ya kwake. Wa kahawia wa kundi moja ncha imenyooka, wa kundi la pili imepinda kama ndoano. Mikono ilikuwa inanitetemeka nikaharibu mmoja, na alikuwa dume, inaniuma mpaka leo maana wenye ndoano tulikuwa nao madume saba tu.

Kilichonitesa zaidi ni lebo. Msimu wa kwanza nilikuwa naandika "Amani" na tarehe basi, sikuandika mmea. Tulipogundua ni wawili swali la kwanza likawa kila mmoja anakula nini, na theluthi ya vielelezo vyangu (wadudu niliowahifadhi) havikuweza kujibu. Ilibidi turudi porini msimu mzima. Tangu hapo naandika pale pale kwa penseli, mahali, GPS, mwinuko, tarehe, nani kakamata na alikuwa juu ya mmea gani, na tawi la mmea nalibana kwenye gazeti tumpelekee mtu wa mimea, pamoja na jina ambalo wazee wa pale wanauita kwa Kisambaa.

Alafu inakuja kulinganisha na vile vielelezo vya mwanzo vya makumbusho, wale wadudu wenyewe waliotumika kutolea majina ya zamani. Tuliomba picha, zilichukua miezi, na picha haionyeshi cha ndani, mpaka mwenzetu mmoja alipopata nafasi ya kwenda mwenyewe akakaa navyo. Ndo wenye ncha iliyonyooka wakatambulika wana jina tayari na wa ndoano wakabaki hawana. DNA tulipima pia, mguu mmoja unatosha, ila hiyo ni ya kuongezea nguvu, lazima useme kwa maneno mdudu wako anatofautianaje na wenzake.

Kuhusu jina la bibi, kanuni za kimataifa zinaruhusu kabisa. Majina ya wanyama yanahesabiwa kuanzia 1758, la mwanamke linaishia na ae, kwa hiyo bibi Halima anakuwa halimae, mwanaume mfano Hassan anakuwa hassani. Ila ukilitaja humu halihesabiki. Lazima litoke kwenye chapisho rasmi, likiwa la kwenye intaneti (yanakubalika tangu 2012) liwe limesajiliwa ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, na tangu 2000 ni lazima uteue kielelezo kinachobeba jina, kwa kawaida kimoja kinachoitwa holotaipu, na useme kinahifadhiwa makumbusho gani. Ndo maana na mimi wa kwetu simtaji, jina likivuja kabla linaleta vurugu tu.

Jambo moja nalipenda sana, kanuni hazilazimishi maelezo yawe ya Kiingereza. Yakiwa ya Kiswahili yanahesabika sawa sawa. Sisi tumeandika Kiingereza ili wa nje wasome, ila nimepigania pawe na muhtasari wa Kiswahili, kwa sababu wazee waliotuonyesha kile kichaka wana haki ya kusoma tulichokisema kuhusu msitu wao.

Msituni kwenye hifadhi usiingie na neti bila kibali, utafiti unaanzia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na vielelezo kwenda nje ya nchi navyo vina kibali chake. Shambani kwenu kamata tu. Chukua kama kumi hivi, wakubwa na mabuu, piga picha wakiwa hai maana dhahabu haitarudi, watie kwenye spiriti kali ya dukani, andika lebo kwa penseli uiweke ndani ya chupa hiyo hiyo, na magugu ya jamii ya viazi vitamu yanayotambaa pembeni ya shamba yakague pia kama wapo. Ukishapata weka picha za juu na za chini ya tumbo hapa tuangalie wote.