Fundi, nitoe kipande gani?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: bodi ya saketi imekuwa kubwa, vipande vimekuwa ghali, nitoe nini? Nimechagua sita. Mliotuma picha ya bodi iliyopigwa usiku bila mchoro, sijawasahau, ila siwezi kufuata nyaya gizani.

"Shikamoo fundi. Nimeunda amplifaya ndogo ya chipu ya LM386 kwa betri ya volti 9. Mchoro una kapasita nne, nimetoa tatu na bado inaimba. Zilikuwa za nini?" Msomaji, Mbeya

Marahaba. Inaimba kwa sababu betri ni mpya. Naomba iliyobaki iwe ile kubwa ya mguu wa 5 wa chipu, unaotoa sauti, maana mguu huo unakaa kwenye nusu ya volti za betri. Ukiunga spika moja kwa moja, koili ya omu 8 inabeba volti 4.5 muda wote, muziki uwepo usiwepo. Iliyokuwa kati ya mguu wa 1 na wa 8 umeitoa kwa haki: bila hiyo chipu inakuza mara 20, ikiwepo mara 200, na sauti ya simu haihitaji mara 200. Ya kwenye njia ya betri irudishe, la sivyo betri ikichoka utasikia tuk-tuk-tuk kama boti la mashine. Na ile ndogo inayokaa na rezista ya omu 10 pale kwenye spika, irudishe pia. Inazuia chipu isijitetemeshe yenyewe kwa masafa ambayo sikio halipati. Utajua kwa kidole: hakuna muziki, lakini chipu ya moto.

"Transfoma inakula nafasi na pesa. Naweza kuweka kapasita moja kwenye volti 230 za ukutani na kuendesha priampu (kikuzaji cha kwanza) ya maikrofoni?" Msomaji, Kigoma

Hapana. Nimeshalijibu hili, na safari hii naongeza sababu ili nisiulizwe tena. Saketi ya namna hiyo inaishi ndani ya taa ya LED, imefungwa kwenye plastiki, haiguswi na mtu. Priampu ina tundu la maikrofoni, na kila chuma cha tundu hilo kitakuwa kimeungwa na waya wa Tanesco. Muimbaji atashika maikrofoni kwa mkono wenye jasho. Tumia chaja ya simu iliyo ya uhakika. Inaenea kiganjani na transfoma imo ndani.

"Kwa nini redio ya FM ya baba ina visanduku vya bati na koili kibao, na moduli ya redio ya TEA5767 ni ndogo kama stempu?" Msomaji, Tanga

Swali zuri, mwaka mzima nimelisubiri. Redio ya baba inashusha kila stesheni hadi megahezi 10.7, kisha inaichuja hapo. Kwa masafa hayo chujio la bei nafuu lilikuwa koili ndani ya bati, na kila bati lilihitaji fundi mwenye bisibisi ya plastiki kulipanga kiwandani. Pesa ilikuwa inakwenda kwenye mkono wa huyo fundi.

Mwaka 1983 Philips walitoa chipu ya TDA7000. Hawakukaa kutafuta koili ndogo zaidi. Walijiuliza kwa nini megahezi 10.7, wakashuka hadi kilohezi 70 tu. Huko chini chujio linajengwa kwa rezista, kapasita na transista, vitu ambavyo chipu inavipenda. Tatizo likawa kwamba stesheni ya FM inayumba kilohezi 75 kila upande, haienei kwenye kilohezi 70. Wakaifanya oselleta ya redio, saketi inayozalisha mawimbi ya kushushia stesheni, iifukuzie stesheni inapoyumba, hivyo myumbo unaobaki ni kama kilohezi 15. Mabati yakaondoka, ikabaki saketi moja tu ya kupanga, ile ya oselleta. Gharama yake ilikuwepo: ilikuwa redio ya sauti moja, siyo stereo. TEA5767 ilikuja baadaye na kilohezi 225, chujio ndani, stereo juu.

Angalieni kilichofanyika pale. Kazi ya kuchuja haikufutwa, ilihamishwa mahali pa bei nafuu. Nyinyi mnaonitumia orodha ya vipande mlivyong'oa hamjahamisha kitu.

"741 bado inafaa?" Msomaji, Dodoma

Ni opampu, yaani chipu ya kukuza ishara, ya mwaka 1968 na imezoea volti 15 juu na 15 chini. Kwa volti 5 mwache mzee apumzike.

"Mizani yangu ina opampu tatu, vichujio na Arduino (bodi ndogo ya kompyuta), na namba bado zinacheza. Nipunguzeje?" Msomaji, Njombe

Tupa zote tatu, weka chipu ya mizani ya HX711. Kitambuzi cha uzito kinatoa milivolti chache, na hatua ndogo kabisa ambayo Arduino Uno inaweza kuipima ni karibu milivolti 5, ndiyo maana ulilazimika kukuza. HX711 inakuza mara 128 na kupima humo humo. Ikiwekwa kwenye vipimo 10 kwa sekunde inaua na mvumo wa umeme wa hezi 50. Moduli ikiwa imefungwa kwenye 80, badilisha. Usidanganyike na zile biti 24, za mwisho ni kelele tupu. Na kama ni ya kupimia viazi sokoni, ipeleke kwanza Wakala wa Vipimo.

"Programu inachuja vizuri kuliko rezista. Si nitoe chujio la mbele ya mikrokontrola (chipu inayoendesha programu)?" Wasomaji wanne, nimechoka kuwahesabu

Ukipima mara 1,000 kwa sekunde, kelele ya hezi 900 inaingia ikiwa imevaa nguo za hezi 100. Programu haina namna ya kumtambua mgeni huyo.

Mimi mwenyewe niliwahi kufunga kipimo cha tangi la maji, nikasoma mara 10 kwa sekunde bila chujio. Namba ikapanda na kushuka polepole, kama pumzi ya mtu aliyelala. Nikaamini maji yanacheza. Nilipanda ngazi mara mbili na tochi, maji yametulia tuli. Waya mrefu ulikuwa unaokota hezi 50 za umeme, na kwa kuwa saa ya bodi haikuwa sahihi kabisa, hezi 50 ziligeuka wimbi la sekunde kadhaa.

Dawa: rezista ya kilo-omu 10 na kapasita ya 100 nF, zinakata kuanzia hezi 159. Peke yake chujio hilo linapunguza ile kelele ya hezi 900 karibu mara sita tu. Kwa hiyo pima haraka zaidi, Uno inaweza mara 9,000 kwa sekunde bila kuhangaika, halafu iachie programu ikate hizo 50 na zilizobaki. Hapo sasa ndipo chujio kubwa la opampu mbili linapoweza kwenda nyumbani. Vile vipande viwili vya mbele vinabaki kwenye bodi.