Kiungo si nakala

Niliandikia jarida moja kwa miaka kumi na miwili: sita kwenye karatasi, sita kwenye tovuti. Ukiniomba leo nikuonyeshe kazi yangu, nitavuta boksi uvunguni mwa kitanda. Kurasa zimegeuka manjano, pini zimeshika kutu, lakini kila neno lipo. Ya miaka sita ya pili sina. Jarida lilifungwa, hakuna aliyeendelea kulipia seva, na asubuhi moja nikabofya makala niliyojivunia kuliko zote, nikakuta ukurasa mweupe. Karibu makala mia mbili zilikwenda hivyo.

Kwa hiyo wewe unayeanza: makala ikitoka tu, ihifadhi yote, pamoja na rasimu uliyompelekea mhariri, mahali pawili tofauti. Kiungo ni anwani ya nyumba ya mtu mwingine, na akihama hakuagi. Zile ninazozipenda sana huwa nazichapa kabisa. (Cheka tu.)

Husemwa kwamba karatasi iliangushwa na wasomaji walioacha kusoma. Mimi naona matangazo ndiyo yaliyotangulia kuondoka, hasa yale madogo madogo: gari linauzwa, chumba kinapangishwa, anatafutwa karani. Tovuti kama Craigslist, iliyoanza mwaka 1995, ziliyaweka mengi yake bure. Bei aliyolipa msomaji mara nyingi haikutosha gharama. Tangazo ndilo lililonunua karatasi na wino, na kutulipa sisi. Jarida la Newsweek la Marekani liliacha kuchapa mwishoni mwa 2012, likarudi kwenye karatasi mwaka 2014. Wiener Zeitung la Austria, gazeti lililoanza mwaka 1703, liliacha kuchapwa kila siku mwaka 2023.

Ninachokikosa mimi ni usiku wa prufu, zile kurasa za majaribio tunazozikagua kabla ya kuchapa. Msanifu kurasa ananiita, anaweka kidole chini ya safu: "Mistari minne imezidi." Herufi hazipunguzwi, picha haisogei, mtambo unasubiri. Nachukua kalamu nyekundu, na karibu kila mara mistari hiyo minne naipata pale pale, kwenye aya ya kwanza, nilikokuwa bado nakohoa kabla ya kusema. Mtandaoni hakuna anayekuambia imezidi. Jiambie mwenyewe. Weka idadi ya maneno kabla hujaanza na uiheshimu, kisha isome kwa sauti. Na jina la mtu lihakiki kana kwamba huwezi kulirekebisha tena. Niliwahi kukosea jina chini ya picha, nikaishi na aibu hiyo mwezi mzima hadi toleo lililofuata. Sasa tunarekebisha kimya kimya kwa dakika moja, ndiyo maana tunakosea zaidi.

Juzi nilikaa usiku mzima nikipekua Wayback Machine, ghala la kurasa za zamani za tovuti la shirika la Internet Archive. Nimeokoa makala kumi na moja, bila picha. Ile niliyoipenda kuliko zote haimo.